Alinyamaza Mbele ya Mshenga

Siku ya nane sasa Chada alikuwa hajala, wala Romana hakumlaumu. Alimwekea vichwa vya kambale juu ya jiwe bapa, pale pale alipozoea kuviweka, akagonga debe mara mbili, kisha akarudi nyuma hatua nne bila kumpa mgongo. Mamba yule jike hakusogea. Alilala juu ya mchanga uliofunika mayai yake, kidevu kimegusa ardhi, jicho moja likimtazama Romana kwa utulivu wa mtu aliye kanisani.

"Wanalia?" aliuliza Mzee Manyanda kutoka kwenye kibanda cha chatu.

"Bado, mzee."

"Mvua ya kwanza imeshanyesha. Wiki hii hii watalia. Wewe tega sikio, maana langu mimi lilibaki porini na bunduki ya serikali."

Mzee Manyanda alikuwa askari wa wanyama miaka ishirini na mbili. Alipostaafu, wenzake walinunua ng'ombe. Yeye alijenga bustani ya watambaao nje kidogo ya mji wa Mpanda, njia ya kwenda Katumba. Mlikuwa na mamba wawili, chatu mmoja, kenge, kobe kumi na kitu, na kinyonga aliyetoroka kila wiki na kupatikana kila wiki kwenye kamba ya kuanikia nguo. Wanafunzi waliletwa kutazama, wasafiri wa treni nao walipita, na wote waliuliza swali lile lile: huyu msichana haogopi?

Romana alikuwa anaogopa. Ndiyo maana alikuwa hajaumwa.

Chada aliletwa amefungwa kamba kutoka kwenye matope ya Ziwa Chada lilipokauka, waya wa mtego umemkaa kwenye taya. Mwaka wa kwanza alirukia kila kilichopumua. Romana, aliyemaliza darasa la saba na hakuchaguliwa kuendelea, alipewa kazi ya kufagia tu. Lakini alikuwa na macho ya kutazama. Aliona kwamba mamba anachukia kitu kipya, basi akavaa kanga moja ile ile ya kahawia kila siku, akaja saa ile ile, akasema kwa sauti ile ile ya chini. Aliona kwamba mamba akivimba shingo na kuachama, mtu akipiga kelele au kukimbia ameharibu kila kitu. Akivimba, simama. Usijibu. Ngoja mpaka shingo ishuke. Ilimchukua miezi kumi na minne, lakini siku moja aliingia na fagio, akafagia mpaka kwenye mkia, na Chada akafumba macho.

"Wewe ungepewa wendawazimu wa Mpanda yote uwatibu," Mzee Manyanda alimwambia siku ile.

Asubuhi hii ya Jumamosi Romana alikuwa bado amechutama, sikio karibu na mchanga kadiri Chada alivyomruhusu, aliposikia baiskeli ikiegemezwa ukutani kwa nje. Hakuhitaji kuinua kichwa. Mlio wa kengele ile iliyolegea aliujua kama anavyojua kikohozi cha mama yake.

Sixte alikuwa fundi mwashi. Miaka miwili iliyopita ndiye aliyejenga ukuta wa bwawa hili, kwa matofali ya kuchoma, akija kila asubuhi kutoka Katumba, kwenye kambi ya watu waliokimbia Burundi, ambako aliishi na mama yake Libérate na wadogo zake. Kazi iliisha kwa miezi miwili. Yeye hakuacha kupita. Mara amesahau timazi yake ya kupimia ukuta, mara anataka kuona kama saruji imepasuka. Siku moja Romana alikuta ngazi ndogo ya matofali imejengwa kwa nje ya ukuta, vidato vitatu, na alipoipanda, ukingo wa ukuta ulimfika kifuani sawasawa, akawaona mamba wote bila kunyoosha shingo. Hakuna aliyempima. Yule kijana alikuwa amempima kwa macho.

Tangu hapo kila akipita alisema, "Mke wa mamba, hujambo?" na yeye alijibu, "Sijambo, shemeji wa kenge," na wote wawili walicheka mpaka Mzee Manyanda akakohoa.

Leo Sixte alisema, "Hujambo, Romana."

Jina lake tupu. Lilimchoma.

Alitoka taratibu, akafunga lango dogo, akazunguka nje. Sixte alikuwa amevaa shati lake la Misa, jeupe, kola imegeuzwa na kushonwa upya. Alikuwa anapapasa matofali kana kwamba anayakagua, asimtazame.

"Sijambo. Jumapili tatu hujapita. Karibu ukae."

"Sikai. Lori linaondoka saa sita, pale kanisani."

"Lori gani?"

"La Mishamo. Tumepewa mashamba huko. Mimi, mama na wadogo zangu."

"Nilisikia kuna watu wanahama. Sikujua ni nyie."

"Ndiyo sisi."

Chada alipumua kwa nguvu ndani ya ukuta. Romana alifuta mikono kwenye kanga, akaifuta tena ingawa ilikuwa imekauka. Alitamani amtazame, japo kidogo, maana macho ya Sixte ndiyo yaliyokuwa yakimwambia kila jambo kabla ya mdomo.

"Yotham alinieleza," Sixte alisema. Yotham alikuwa mzee wa kanisa, ndiye aliyekuwa mshenga wake. "Neno kwa neno. Kwamba walikaribishwa, wakakalishwa, wakasema shida yao. Kwamba shangazi yako Marsela alikutoa ndani, akakuuliza kama desturi yenu ilivyo: wageni hawa unawafahamu? Ukatazama miguu yako. Akauliza mara ya pili. Miguu. Mara ya tatu, Yotham anasema, hata kuku uani walinyamaza wakusikilize."

"Sixte..."

"Akachukua kofia yake, akaaga. Angefanya nini? Kwenu, binti akisema nawafahamu, basi mazungumzo yanaendelea. Asiposema, mgeni anaelewa. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo. Hapa hapa, umekaa kwenye kidato cha pili."

"Baba alikuwa amevimba!" Hata sasa sauti yake haikupanda, ilishuka. "Hukumwona wewe. Shingo ilikuwa imejaa hivi, midomo ameibana. Wiki nzima alikuwa akisema wale ni watu wa kuhama, leo wapo kesho wamepelekwa kwingine, nitamfuata wapi mwanangu. Ningesema neno pale angelipuka, na baba akishasema hapana mbele ya watu, harudi nyuma. Nikasema moyoni, usijibu sasa. Ngoja apoe. Nitamwambia taratibu."

"Kama Chada."

"Ndiyo. Kama Chada."

Sixte alicheka, lakini kicheko chenyewe kilimfanya Romana akunje vidole vya miguu kwenye ndala. "Chada ulimngoja miezi kumi na minne. Mimi ulinipangia mingapi?"

"Juzi amecheka. Alicheka mezani kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Alikuwa amebakiza kidogo tu..."

"Na mimi je? Nani alikuja kuniambia nisubiri? Jumapili tatu, Romana. Ungemtuma hata Mzee Manyanda na mguu wake mbovu. Nilikaa najiuliza, miaka miwili yote ile nilikuwa naota peke yangu? Mama hakunicheka. Angenicheka ingekuwa afadhali. Aliniwekea ugali, akaondoka asinione nikila."

Romana alinyoosha mkono, akauweka juu ya tofali karibu na mkono wake, usiguse. Vidole vyao viliachana kwa upana wa saruji tu.

"Mama amenitafutia mtu," Sixte aliendelea, polepole sasa. "Épiphanie, binti wa jirani yetu Cyriaque. Tutakuwa lori moja. Nikamwambia mama, nipe mpaka lori linapoondoka, nitakujibu."

"Unampenda?"

"Ni mtu mzuri. Akiulizwa, anajibu."

Hapo ndipo alipomtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala. Hayakuwa na hasira ambayo Romana alijua jinsi ya kuingoja. Yalikuwa yanamwomba.

"Nakuuliza mimi mwenyewe, bila mshenga. Twende kwa baba yako sasa hivi. Mimi nitasimama mlangoni, wewe useme: baba, huyu namfahamu. Basi. Akinifukuza na anifukuze, nitakuwa nimeshasikia. Nitampa mama jibu lingine, na kutoka Mishamo nitarudi kukufuata hata kwa miguu."

Kwa mawazo Romana alimwona baba yake, mlinzi wa ghala la stesheni, amerudi alfajiri kutoka zamu, amelala, kanga imetundikwa dirishani kuzuia jua. Hakuna saa mbaya ya kumgusa baba kama hii. Aliona shingo ile. Akili yake, iliyofunzwa miaka mingi na mnyama, ikamwambia kile ilichojua.

"Ngoja Jumapili," alisema. "Atakuwa ametoka Misa, Sixte, atakuwa ametulia. Ngoja Jumapili tu."

"Jumapili ni kesho, Romana. Kesho mimi naamkia Mishamo."

Alishika usukani wa baiskeli. Kengele ililia yenyewe, kidogo. Alipofika barabarani aligeuka, na Romana akainua uso kwa matumaini.

"Ile ngazi usiipande asubuhi asubuhi," alisema. "Mvua zimeanza. Inateleza."

Akaenda zake.

Romana hakujua alisimama muda gani. Jua lilipanda. Alirudi ndani ya lango kwa sababu miguu ilikuwa imezoea kurudi huko, akachutama mahali pake. Mzee Manyanda alikuja akichechemea, akaegemea ukuta.

"Nimesikia yote," alisema. "Sikio langu si bovu kiasi hicho."

"Mzee, na mimi nilifanya kama ulivyonifundisha."

"Nilikufundisha mamba, mwanangu. Nilikufundisha watu lini?"

Ndipo sauti ikatoka. Mwanzoni Romana alidhani ni vifaranga vya kuku vimefunikwa kwa kapu mahali fulani. Ilitoka chini, ndani ya mchanga, nyembamba, ya kukoroma kidogo, moja, halafu nyingi. Chada aliinua kichwa. Siku zote zile tisini za kulinda mayai alikuwa amelala kama gogo, na sasa mwili wote ulitetemeka, akajisogeza nyuma, akaanza kufukua kwa miguu ya mbele, mchanga ukiruka mpaka kwenye kanga ya kahawia.

"Wanalia!" Mzee Manyanda alishika kofia yake. "Ona huyo! Ona mama huyo!"

"Amejuaje kuwa ni leo?"

"Hajui. Anaitwa. Mtoto akiwa humo ndani ya yai anaita, mama anafukua. Asipoita hafukuliwi. Mama atalala juu yake na kifua chake hiki, anampenda, na mtoto ataoza humo humo."

Romana alisimama. Alisimama ghafla, kitu ambacho hakuwahi kukifanya ndani ya ukuta ule, na debe likaanguka likapiga kelele juu ya jiwe. Hakuliokota. Alitoka mbio, lango akaliacha Mzee Manyanda alifunge huku akipiga makelele, akakata njia ya mashamba ya mihogo kuelekea nyumba za stesheni, ndala mkononi.

Mama yake, Eufrazia, alikuwa anapepeta mchele uani pamoja na Shangazi Marsela. Walipomwona ana mchanga mpaka kwenye nywele, ungo ulishuka.

"Amekuuma?" mama alipiga ukelele. "Mungu wangu, amekuuma!"

"Baba yuko wapi? Baba! Baba!"

Kasimiri alitoka mlangoni na fulana, uso umekunjwa na usingizi. "Kuna nini? Nani amekufa?"

"Namfahamu, baba."

"Nani?"

"Sixte. Yule fundi. Siku ile mliponiuliza. Namfahamu. Namfahamu tangu alipokuwa anapima ukuta wa mamba. Hata kengele ya baiskeli yake naifahamu."

Kasimiri alimtazama binti yake, na shingo ikaanza kuvimba, ile ile, midomo ikabanwa, na Romana safari hii hakuinamisha kichwa. Kwa hiyo aliona kile ambacho siku ile hakukiona kwa sababu alikuwa akitazama miguu yake. Aliona macho ya baba yake yakijaa maji.

"Leo ndiyo unajibu?"

"Nilikuwa nakungoja upoe."

"Nipoe nini? Nani alikuambia nilikuwa moto?" Sauti ya mzee ilikatika. "Nilikuwa nabana nisilie, Romana! Mtu mzima mimi, mbele ya mshenga! Nimebakiza binti mmoja, anataka kwenda kwa watu ambao hata wao hawajui kesho watalala wapi. Nikasema, acha atamke mwenyewe. Akitamka, nitafoka kidogo, si ndiyo kazi ya baba? Halafu nitauliza njia ya kwenda kumtembelea. Hukutamka. Nikasema, haya, kumbe mwanangu hamtaki, nashukuru Mungu. Na nikamwonea huruma yule kijana."

"Mimi nilikuuliza mara tatu!" Shangazi Marsela alijipiga paja. "Mara tatu! Nilikukonyeza mpaka jicho likaniuma!"

"Wanaondoka saa sita," Romana alisema. "Kanisani. Baba, nisaidie."

Kasimiri hakutafuta hata shati. Alitoa baiskeli, Romana akarukia kwenye keria, na mzee aliyetoka zamu ya usiku akaanza kukanyaga. Watu waligeuka njiani kuona mlinzi wa stesheni na fulana yake yenye matundu, binti yake peku nyuma, hakuna anayesalimia mtu. Mgongo wa baba ulilowa jasho. Romana aliushika, na njia nzima aliyapanga maneno yale mawili, huyu namfahamu, mdomoni kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi.

Kiwanja cha kanisa kilikuwa na maganda ya karanga na majani ya migomba yaliyofungia chakula cha njiani. Mama mmoja wa Katumba aliyeitwa Séverine alikuwa anakusanya vikapu vyake.

"Lori, mama? Lori la Mishamo?"

"Lile pale linaenda. Mmelikosa hivi hivi. Walichelewa kwa ajili ya kuimba." Alitabasamu, hakujua anazungumza na nani. "Libérate amepata mkwe leo. Kijana wake amekaa kimya asubuhi nzima, anatazama njia ya mjini, mama yake anamwambia panda, hapandi. Mpaka dereva alipowasha moto ndipo akasema, haya mama, nimekubali. Tumepiga vigelegele mpaka padri ametoka nje."

Lori lilikuwa mwisho wa barabara, likipanda kilima kidogo, magodoro na mabati na watu juu ya magunia. Shati jeupe lilionekana. Romana alikimbia katikati ya barabara, akaita.

"Sixte!"

Sauti ilitoka ndogo. Miaka mitano aliishusha, aliibembeleza, aliifundisha isimshtue mtu, na sasa alipoihitaji haikujua njia ya kupanda. Aliita tena mpaka kifua kikamuuma. Mngurumo wa injini uliimeza. Msichana mmoja aliyekaa karibu na shati jeupe aliona mtu amesimama barabarani, akainua mkono, akampungia kwa wema, kama msafiri anavyompungia yeyote yule. Shati jeupe halikugeuka. Kisha kilima kikabaki kitupu.

Kasimiri alikuja akikokota baiskeli, akasimama kando yake. Akampangusa mchanga begani.

"Twende, mwanangu," alisema.

"Nipitishe kazini, baba. Sikufunga lango."

Mzee Manyanda alikuwa amefunga. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya matofali, kidato cha pili, kofia mapajani. Ndani, kwenye maji ya kando, Chada alielea kimya na watoto wamemzunguka, wengine wamempanda kichwani, wakilia kwa sauti zao nyembamba.

"Amewabeba mdomoni mmoja mmoja," Mzee Manyanda alisema. "Thelathini na mmoja. Nimewahesabu."

"Kiota kimekwisha?"

"Yamebaki mawili. Hayakuita, akayaacha."

Romana aliingia. Hakugonga debe, alipita pembeni polepole kama kawaida yake, na Chada akamtazama, akamwacha. Aliyatoa mayai yale mawili kwenye shimo. Bado yalikuwa na joto la mchanga. Akachutama, akaliweka moja sikioni, kisha lile jingine, akangoja.